Chai, chumvi na ubongo wa mtoto: maswali ya wajawazito wa Mtwara na Lindi

Nina mimba ya miezi mitano, niko Newala. Mama mkwe amenizuia chai, eti itampunguzia mtoto akili. Ni kweli?

Si lazima uache kabisa, dada. Chai na kahawa zina kafeini, nayo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, ambaye ini lake bado haliwezi kuivunja. Mimba ikikua, hata mwili wako huchelewa kuitoa. Shirika la Afya Duniani linawataka wajawazito wanaozidisha miligramu 300 kwa siku wapunguze, kwa kuhofia mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito pungufu. Uingereza wameweka kikomo cha 200. Kikombe kikubwa cha chai kina kama 75, kahawa ya unga wa kuyeyuka 100. Kuhusu akili yenyewe watafiti bado wanavutana. Vinywaji vya kuongeza nguvu, hivyo achana navyo tu.

Basi vikombe viwili havina neno?

Inategemea unavinywa saa ngapi. Chai ya rangi iliyochemshwa mpaka ikakolea, ukaishushia kwenye ugali na kisamvu au kunde, inazuia madini ya chuma ya mboga yasifyonzwe. Mtoto anayahitaji madini hayo kujenga ubongo wake, na wewe unayahitaji usipungukiwe damu. Wengine humezea chai hata fefo, vidonge vya kuongeza damu, walizopewa kliniki! Meza kwa maji, au kwa juisi ya chungwa, na chai isubiri walau saa nzima baada ya chakula. Na ule udongo wa pemba mnaoutafuna kwa siri, nao unazuia chuma.

Kwetu Lindi chumvi inatoka baharini hapahapa. Kuna haja ya kununua ya pakiti?

Ipo, na kama ungeniuliza jambo moja tu ningetamani uniulize hili. Watu hudhani chumvi ikitoka baharini ina kila kitu, kumbe maji yakikaushwa kwenye mashamba ya chumvi, madini joto (ayodini) yanayobaki ni kidogo mno. Lazima yaongezwe. Ile ya kupimiwa kwa kopo sokoni mara nyingi haijaongezwa.

Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Tezi ya shingo huyatumia kutengeneza homoni inayoongoza ukuaji wa ubongo, na katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama, kwa kuwa tezi yake haijaanza kazi. Upungufu mkubwa humwachia mtoto udumavu wa akili usiorekebishika. Soma pakiti, uhakikishe imeandikwa ina madini joto. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moshi wa jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Usizidishe, shinikizo la damu halina utani.

Samaki je?

Dagaa na vibua, kula. Papa na nduaro waache mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha, wanakusanya zebaki, ambayo ni sumu.

Mdogo wangu alijifungua njiti, yaani mtoto wa kabla ya wakati, wodini wakampa mtoto kafeini. Mbona sisi tunakatazwa?

Ile ni dawa. Njiti husahau kupumua, na kafeini huuamsha ubongo uendelee kuagiza pumzi. Hupimwa kwa uzito wake na anaangaliwa usiku na mchana. Kichanga huchukua siku kadhaa kuitoa mwilini, kwa hiyo mdogo wako akiwa ananyonyesha na mtoto hatulii wala halali, apunguze chai kwanza aone. Mtoto akiendelea hivyo, ampeleke kituo cha afya.