Nani Alizilipia Shule za Rosenwald?

Nimeombwa tena kuidhinisha maelezo ya maonyesho yanayosema kwamba shule za watoto Weusi wa kusini mwa Marekani zilijengwa na Julius Rosenwald. Siidhinishi. Kadi za kumbukumbu za ujenzi wa shule hizo, zinazoikanusha kauli hiyo, zimo katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma.

Historia yenyewe ni fupi: Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck, alishirikiana na Booker T. Washington, mwelimishaji Mweusi aliyeongoza chuo cha Tuskegee, wakaanza na shule 6 za Alabama, na kufikia mwaka 1932 zilikuwa 4,977 katika majimbo 15. Kinachosahaulika ni sharti la mfuko wake wa misaada, kwamba hautoi kitu mpaka wanakijiji nao watoe fedha, ardhi, mbao au nguvu zao.

Kwa hiyo kila kadi ina safu nne za wachangiaji: Weusi, Wazungu, serikali na Rosenwald. Ukijumlisha zote, Weusi walitoa takriban dola milioni 4.7, mfuko milioni 4.4, Wazungu wengine milioni 1.2, na serikali, kwa fedha za kodi, milioni 18.1. Wanaoziona tarakimu hizi hunijibu kwa haraka kwamba basi serikali ndiyo iliyojenga, na jibu hilo hunikera kuliko kosa la kwanza, kwa sababu kodi hiyo wazazi Weusi nao waliilipa, huku bodi za elimu za kaunti zikielekeza sehemu kubwa mno ya fedha kwa shule za Wazungu. Mkulima aliyekwisha kulipa kodi ndiye aliyerudi kuchangishwa kanisani ili mwanawe apate darasa. Alilipa mara mbili, na kadi haina safu ya kulionyesha hilo.

Sisi watunza nyaraka nasi tuna sehemu yetu. Tunapanga nyaraka kwa kufuata aliyezizalisha, utaratibu ambao ninautetea, lakini matokeo yake ni kwamba mtafiti huanzia kwenye faili za mfadhili na mara nyingi huishia humo humo. Majina ya wachangiaji yatafutwe katika kumbukumbu za vikao vya makanisa, katika magazeti ya Weusi, na katika hati za ardhi zilizosajiliwa kwenye mahakama za kaunti, ambako ekari mbili za mkulima zilikabidhiwa kwa wadhamini wa shule. Rejesta za shule zenyewe ni adimu, kwa maana ubaguzi ulipoondolewa mashuleni baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954 iliyouharamisha, shule nyingi za Weusi ndizo zilizofungwa, na makaratasi yake mengi yakatupwa au yakabaki katika nyumba za walimu wastaafu.

Hata hivyo, ile milioni 4.7 siinukuu kwa moyo mkunjufu. Aliyekata miti na kuivuta kwa nyumbu aliandikiwa thamani ya dola na mtu mwingine, na wanawake waliouza vyakula ili kuchangisha walihesabiwa fedha walizoleta, si saa walizokaa jikoni; hayo yanaishusha tarakimu. Upande wa pili, wasimamizi waliotaka sharti la mfuko litimizwe walikuwa na kila sababu ya kuikuza. Mimi naelekea kuamini kwamba iko chini ya ukweli, ila si kwa kadiri ambayo ningethubutu kuichapisha ukutani.