Pleteleti zimeshuka na nina mimba, nifanyeje?

*Nimepima FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu) kliniki nikaambiwa pleteleti ni 85,000, huenda ni ITP, mtoto yuko salama kweli?*

Pole mama, usianze kulia kwanza. Pleteleti ni zile chembe zinazogandisha damu ukijikata, kawaida zinaanzia 150,000, na mimba yenyewe huwa inazishusha kidogo miezi ya mwisho, ukishajifungua zinarudi zenyewe. Omba damu iangaliwe kwa darubini, maana kwenye kile kichupa cha kifuniko cha zambarau zinaweza kushikana mashine ikahesabu chache, ukaanza kutibiwa ugonjwa usio wako. Na huku kwetu ziwani malaria ipimwe mapema, inazishusha vibaya sana, HIV nayo, halafu presha ya mimba, kichwa kikiuma sana na macho yanaona ukungu nenda siku hiyo hiyo, tarehe ya kliniki achana nayo.

*Hiyo ITP ndo nini sasa?*

Kinga ya mwili wako inazishambulia pleteleti zako mwenyewe, bandama inazimaliza. Hakuna kipimo kimoja cha kuithibitisha, daktari anaondoa sababu zingine moja moja.

*Dawa je?*

Kama hutoki damu na uko juu ya 30,000 mara nyingi wanakupima tu kila baada ya muda. Ikiwa chini ya hapo, au fizi zinavuja, wanaanza prednisolone, dawa ya kutuliza kinga, hiyo usiiache ghafla na sukari ipimwe. Ipo dripu ya immunoglobulini inayopandisha ndani ya siku chache ila bei yake inatisha. Maumivu tumia panado, diclofenac na ibuprofen hapana, aspirini labda daktari akuandikie mwenyewe.

*Rozela si inaongeza damu?*

Kunywa ukipenda, pleteleti haipandishi.

*Lazima nipasuliwe?*

Hapana jamani! Wengi wanazaa kawaida, 50,000 inatosha hata kwa upasuaji, ila ganzi ya mgongo wengi wanataka 70,000 na zaidi. Waambie mapema una ITP ili mtoto asivutwe kwa vakyumu, na apimwe damu ya kitovu, kisha tena siku zinazofuata, maana kinga yako inavuka kondo na zake zinaweza kushuka zaidi siku ya 2 hadi ya 5, kwa hiyo usikimbilie kuruhusiwa. Wa kisiwani Ukerewe hamia kwa ndugu Mwanza mjini wiki kadhaa kabla, uwe karibu na hospitali ya Bugando au Sekou Toure, uchungu ukianza saa nane usiku kivuko utakipata wapi?

*Kunyonyesha?*

Nyonyesha tu.