Bata Mwitu Mwenye Uso Mweupe Si Mgeni Uganda

Wengi wanaowaona bata mwitu wenye uso mweupe wakitua kwa makundi kwenye mashamba ya mpunga ya Doho au Kibimba, mashariki mwa Uganda, husadiki kwamba ndege hao wamekimbia baridi ya Ulaya. Dhana hiyo haikuzuka hewani, kwa kuwa wapo bata wengine wanaozaliana Ulaya na Asia na kuja Afrika Mashariki majira ya baridi ya kaskazini yanapowadia. Huyu, Dendrocygna viduata kwa jina la kisayansi, hamo miongoni mwao. Kwao ni Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska na, ajabu kidogo, Amerika ya Kusini ng'ambo ya Atlantiki.

Je, hahami? Huhama, ila anachofuata ni maji. Mvua zikijaza madimbwi, kundi hutawanyika na kila jozi hutafuta pa kutagia. Kiangazi kikiyakausha, ndege hujikusanya tena kwa mamia, pengine maelfu, kwenye maji ya kudumu. Ndiyo maana anayewaona wakitoweka kijijini kwake huamini wamerejea ng'ambo, ilhali huenda wako Ziwa George, au hata karibu zaidi.

Dhana nyingine ni kwamba bata huyu ni wa kwenye mafunjo, pengine kwa sababu mafunjo ndiyo picha inayotujia tukitaja kinamasi. Ukweli ni kwamba hupendelea maji mafupi yaliyo wazi, yenye kingo za tope au mchanga ambapo kundi husimama mchana kutwa, huku likipiga mbinja yake ya sauti tatu. Mafunjo yaliyofungamana humnyima nafasi hiyo. Kiota nacho kwa kawaida huwa chini, katika nyasi ndefu, ingawa mara chache hutumia tundu la mti. Wanaodai kwamba uso mweupe ni wa dume pekee wamekosea pia: jike na dume hufanana, na wote wawili huatamia.

Kuhusu mpunga, wakulima wanaolalamika kwamba bata huyu huwalia mbegu wasibezwe. Bata huyu hula zaidi usiku, na mbegu ni sehemu kubwa ya chakula chake, pamoja na konokono na wadudu wa majini. Shamba lililofurika maji, kwake, halitofautiani sana na dimbwi la mvua.