Friedrich Schiller: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Tabibu wa Jeshi Aliyekuwa Mshairi

Jina la Friedrich Schiller, mshairi na mtunzi wa tamthilia wa Ujerumani aliyezaliwa Marbach mwaka 1759 na kufariki Weimar mwaka 1805, limezungukwa na hadithi nyingi ambazo hurudiwa hata na watu waliosoma. Nyingi kati ya hizo zinatokana na kulipuuza jambo moja, nalo ni kwamba kabla ya kuwa mshairi mashuhuri alifundishwa utabibu kwa takriban miaka mitano, akapasua maiti, akavaa sare ya tabibu wa kikosi, na hakuacha kamwe kumtazama binadamu kwa jicho la mtu aliyepitia mafunzo hayo.

Kwamba utabibu ulikuwa chaguo lake

Wasifu mfupi husema tu kuwa alisomea udaktari, na msomaji hubaki akidhani kwamba kijana aliipenda fani hiyo kisha akaichoka. Alichokitaka tangu utotoni ni uchungaji. Mchungaji wa Lorch, aliyeitwa Moser, ndiye aliyemfundisha Kilatini cha mwanzo, na wazazi walikuwa wameridhia. Kikwazo kilikuwa Carl Eugen, mtawala wa Württemberg, mojawapo ya dola za Kijerumani za wakati huo, ambaye alianzisha chuo cha kijeshi kwenye kasri lake la Solitude na akawa anawatafuta watoto wenye akili wa maofisa wake ili awalee kuwa watumishi wake. Baba yake Schiller, ambaye naye alianza kazi kama mganga wa vidonda jeshini kabla ya kupanda cheo, alijaribu kumkwepa mtawala, lakini mtu anayekula mshahara wa mtawala hana pa kujificha. Januari 1773, akiwa na miaka 13, mtoto akaingizwa chuoni, na mwaka uliofuata wazazi wakatia saini hati ya kumkabidhi kwa utumishi wa Württemberg.

Chuo hicho hakikufundisha theolojia. Schiller alipangiwa sheria, akafanya vibaya, na chuo kilipohamishiwa Stuttgart mwishoni mwa mwaka 1775, masomo ya tiba yakaongezwa, naye akahamia huko. Kama kulikuwa na uchaguzi wowote, basi ulikuwa kati ya vitu viwili ambavyo hakuviomba.

Kwamba alikuwa mwanafunzi mzembe aliyeficha mashairi chini ya vitabu vya tiba

Mashairi aliyaficha kweli. Uzembe ndio hauna ushahidi. Aliandika tasnifu tatu. Ya kwanza, ya mwaka 1779, ilihusu falsafa ya fiziolojia, nayo ikakataliwa kwa sababu kijana aliwashambulia wakubwa wa taaluma kwa lugha ya ukali. Mtawala mwenyewe akaamua abaki chuoni mwaka mmoja zaidi ili moto wake upungue. Ya pili, iliyoandikwa kwa Kilatini, ilieleza tofauti kati ya aina mbili za homa, nayo haikupita. Ya tatu ilikubaliwa na kuchapishwa mwaka 1780, na mada yake ilikuwa uhusiano kati ya maumbile ya kimwili ya binadamu na maumbile yake ya kiroho. Humo, akitaka mfano wa mtu ambaye dhamiri inamtesa mpaka mwili unatetemeka, alinukuu tamthilia aliyodai ni ya Kiingereza, ya mtunzi aitwaye Krake. Hapakuwa na Krake wala tamthilia ya Kiingereza: maneno yalitoka katika mswada wake mwenyewe wa tamthilia ya Die Räuber (Wanyang'anyi), uliokuwa bado haujachapishwa. Wakaguzi walipitisha tasnifu ya tiba ambayo ndani yake mlikuwa na tamthilia iliyokatazwa kuandikwa humo chuoni, na sidhani kama kuna mwanafunzi mwingine wa tiba aliyewahi kuwafanyia walimu wake mzaha wa namna hiyo.

Jambo ambalo hutajwa mara chache zaidi ni ripoti zake kuhusu mwanafunzi mwenzake, Grammont, aliyeugua huzuni kali katika kiangazi cha mwaka 1780 na kutamani kuondoka chuoni. Schiller alikuwa miongoni mwa waliowekwa kumwangalia na kuandika hali yake kwa wakubwa. Ripoti hizo zimehifadhiwa, nazo zinaonyesha tabibu kijana akihangaika na swali gumu: je, tumbo lililovurugika ndilo lililoleta mawazo mabaya, au mawazo ndiyo yaliyolivuruga tumbo? Wakubwa waliposhuku kwamba amemkaribia mgonjwa kupita kiasi, alijitetea kwa hoja kwamba imani ya mgonjwa wa aina hiyo haipatikani ila kwa kuzungumza lugha yake. Mtu anayetaka kujua mtunzi wa wahusika kama Franz Moor wa Die Räuber, yule ndugu anayepanga kumuua baba yake kwa hofu na huzuni badala ya sumu, alijifunzia wapi kazi yake, aanze na ripoti hizo.

Kwamba alitoroka kwa sababu tamthilia yake ilimtisha mtawala

Alipomaliza masomo Desemba 1780, aliteuliwa kuwa tabibu wa kikosi cha Augé mjini Stuttgart kwa mshahara wa gulden 18 kwa mwezi. Askari wa kikosi hicho wengi walikuwa wazee na walemavu, na tabibu wao hakuruhusiwa kuvaa nguo za kiraia wala kuwatibu raia mjini, jambo ambalo lingempa kipato cha kueleweka. Die Räuber aliichapisha mwaka 1781 kwa fedha za kukopa na bila kutaja jina lake, na ikaonyeshwa mara ya kwanza Mannheim, nje ya Württemberg, tarehe 13 Januari 1782. Watu hupenda kuamini kwamba mtawala alikasirishwa na kelele za uhuru zilizomo. Kilichofuata kilikuwa kidogo zaidi na cha kiofisi zaidi: tabibu alivuka mpaka bila ruhusa kwenda kuitazama tamthilia yake, akarudia kosa hilo miezi michache baadaye, akafungwa siku 14, kisha ikafika lalamiko kutoka Graubünden, nchi ya milimani ambayo leo ni sehemu ya Uswisi, kwa sababu mhusika mmoja alikuwa ameiita makao ya matapeli. Mtawala hakutaka ugomvi na majirani. Alimpiga marufuku Schiller kuandika chochote isipokuwa maandishi ya tiba.

Usiku wa tarehe 22 Septemba 1782, wakati mji umeshughulika na sherehe za mgeni wa kifalme kutoka Urusi, alitoroka pamoja na rafiki yake mwanamuziki, Andreas Streicher. Langoni walijitambulisha kuwa ni Daktari Ritter na Daktari Wolf.

Wala si kweli kwamba alipolivuka lango hilo aliipa tiba kisogo moja kwa moja. Mwaka 1784, akiwa mtunzi wa kuajiriwa wa ukumbi wa maonyesho wa Mannheim na madeni yakimwandama, mkuu wa ukumbi huo, Dalberg, alimshauri arudie udaktari, na Schiller alikubali, akaomba asaidiwe kwa mwaka mmoja ili akamalizie masomo. Msaada haukuja. Mshairi huyo alibaki katika fasihi kwa sehemu fulani kwa sababu hakuna aliyemlipia ada.

Kwamba alikuwa mtu wa mawazo asiyejali mwili

Mwaka 1783 mji wa Mannheim ulikumbwa na homa ya vipindi, ile ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja kuwa malaria, kwani wakati huo mabwawa ya bonde la mto Rhein yalikuwa na mbu kama mabwawa ya kwetu. Schiller aliugua, akajitibu mwenyewe: alikula magome ya mti wa kwinini kwa wingi kiasi cha kuandika kwamba anayala kama mkate, na akajinyima chakula kwa wiki kadhaa. Kwinini ilikuwa dawa sahihi. Kipimo chake na ile njaa ndivyo vinavyotia shaka.

Pigo kubwa lilimpata Januari 1791 mjini Erfurt, alipokuwa tayari profesa huko Jena, kwa ugonjwa wa pafu na kifua, ukamrudia Mei mwaka huo kwa ukali uliofanya habari za kifo chake zisambae. Nchini Denmark mashabiki wake walifanya kumbukumbu ya marehemu. Walipojua kwamba yu hai, mwanamfalme wa Augustenburg na waziri Ernst Schimmelmann wakampa thaler 1000 kwa mwaka kwa miaka mitatu. Sifa za ukarimu huo husimuliwa sana, lakini haisemwi mara nyingi kwamba familia ya Schimmelmann ilimiliki mashamba ya watumwa katika visiwa vya Karibi, ingawa waziri huyohuyo alisaidia kupitisha amri ya mwaka 1792 ya kukomesha biashara ya watumwa ya Denmark. Mshairi wa uhuru alipata nafuu, kwa sehemu, kwa fedha za namna hiyo.

Tamthilia za Wallenstein, Maria Stuart na Wilhelm Tell, pamoja na barua zake kuhusu elimu ya uzuri zote zilikuja baada ya 1791, kutoka kwa mtu aliyejua kitaalamu kwamba kifua chake hakitapona.

Kwamba maneno ya Simfoni ya Tisa ni shairi lake zima

Hili ni jepesi. Beethoven, mtunzi wa muziki wa simfoni hiyo, alichukua sehemu tu za shairi la Schiller la mwaka 1785, akazipanga upya, na akaongeza maneno yake ya kufungulia. Schiller mwenyewe, mwaka 1800, alimwandikia rafiki yake Körner kwamba shairi hilo ni baya. Alikufa miaka 19 kabla ya simfoni kusikika.

Kwamba alizikwa kama fukara, na kwamba alipewa sumu

Alifariki tarehe 9 Mei 1805 akiwa na miaka 45. Kuzikwa usiku kulikuwa desturi ya watu wa hadhi yake, na pango aliloingizwa katika makaburi ya Jacob mjini Weimar lilitengwa kwa watu wenye cheo wasio na pango la familia. Halikuwa kaburi la maskini. Ila humo majeneza yalirundikana na kuoza. Mwaka 1826 meya wa Weimar, Schwabe, alitoa mafuvu 23 na akatangaza kwamba lililo kubwa kuliko yote ndilo la Schiller. Mshairi Goethe, rafiki yake, akakaa nalo nyumbani kwake kwa muda na kulitungia shairi. Mwaka 1911 mtaalamu wa anatomia, Froriep, akaja na fuvu jingine. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 2008 vilionyesha kwamba hakuna hata moja lililo lake.

Nafasi hiyo tupu imewapa watu wa njama uhuru wa kusema wapendavyo. Katika miaka ya 1920 Mathilde Ludendorff alieneza madai kwamba Schiller aliuawa na Wamasoni, wanachama wa udugu wa siri wa Freemason, na wapo wanaoyarudia hadi leo. Mifupa haipo ya kujibu, lakini ripoti ya uchunguzi wa maiti ipo, iliyoandikwa na tabibu wa mtawala wa Weimar, Huschke, akiwa pamoja na daktari mwenzake, mwana wa mwandishi Herder. Pafu moja lilikuwa limeoza, limejaa usaha na kugandamana na kifua. Moyo ulikuwa kama mfuko mtupu uliokunjamana. Kibofu cha nyongo na bandama vilikuwa vimevimba, na figo zimeharibika. Hayo si kazi ya sumu ya siku moja, bali ya maradhi ya miaka mingi, na Huschke aliongeza kwamba, kwa hali hiyo, la kustaajabisha ni vipi maskini huyo aliweza kuishi muda wote ule.