Mtaalamu wa pete za sayari ni nani, na kazi yake ni nini hasa?

Ni mwanasayansi wa sayari aliyejikita kwenye kitu kimoja, zile pete zinazoizunguka Zohali na wenzake (Mshtarii, Uranus na Neptuni nao wanazo, ila hafifu). Wengi wanadhani ni mtu wa kukesha na darubini. Ukweli muda mwingi yuko kwenye kompyuta anapiga hesabu za mwanga na mvutano.

Pete za Zohali zenyewe sio sahani ngumu, ni vipande vya barafu visivyohesabika, kuanzia vumbi mpaka vikubwa kama nyumba, kila kimoja kinazunguka sayari kivyake. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alilionyesha hilo kwa hesabu tu mwaka 1859, hakuna chombo kilichokuwa kimefika huko! Na pete kuu za Zohali ukizipima toka ukingo hadi ukingo ni zaidi ya kilomita 270,000, ila unene sehemu nyingi ni kama mita 10 tu, mi hiyo namba bado inanishangaza.

Sasa kinachonivutia zaidi ni wanavyozigundua. Mwaka 1977 mwanaastronomia James Elliot na wenzake walikuwa kwenye ndege yenye darubini juu ya Bahari ya Hindi, wanasubiri Uranus ipite mbele ya nyota ili wapime sayari yenyewe, mara nyota ikafifia ikarudi, ikafifia tena, mara tano kabla sayari haijafika, na ilipopita ikafifia vilevile upande wa pili. Ni kama usiku barabara ya kwenda Bahi, bodaboda ikipita nyuma ya ua wa miti taa inakatikakatika, wewe ua huuoni ila kwa ile taa unajua miti iko wapi na minene kiasi gani. Pete za Uranus zikajulikana hivyo, bila mtu kuziona.

Mwingine Mark Showalter, wenzake walikuwa wameona kingo za uwazi mmoja kwenye pete za Zohali zina mawimbi, yeye akapiga hesabu za mwezi mdogo unaosababisha, akarudi kuchambua picha za chombo cha Voyager zilizopigwa karibu miaka 10 nyuma, na 1990 akaupata. Unaitwa Pan, una upana wa kilomita 28 hivi. Picha zilikuwepo muda wote.

Ndo maana nawaambia wadogo zangu mnaosoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) hapa Dodoma, hii kazi msiione ya watu wa mbali, njia yake ni fizikia au hisabati digrii ya kwanza, halafu masta na PhD, na kuandika programu ujue vizuri kwelikweli. Data za chombo cha Cassini, kilichoizunguka Zohali toka 2004 mpaka 2017, NASA wameziweka wazi mtandaoni, hulipii hata shilingi, na watu bado wanazichambua mpaka leo.