Usugu wa dawa si mwili kuzoea dawa

"Mwili wake umeshazoea dawa." Utaisikia kauli hii kwenye duka la dawa na kwenye foleni ya zahanati. Linaloniuma zaidi ni kuikuta kwenye majibu ya mtihani ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya biolojia.

Maana ya usugu ni fupi: vimelea vinaendelea kuishi na kuzaana mbele ya dawa iliyokuwa ikiviua. Ndiyo maana somo la tiba ya mageuko, linalotazama magonjwa kwa jicho la mageuko ya viumbe, hulipa jambo hili nafasi kubwa.

Mwili kuzoea dawa kupo, lakini ni jambo jingine. Anayepewa mofini, dawa kali ya maumivu, kwa muda mrefu huja kuhitaji dozi kubwa zaidi ili apate nafuu ileile. Hapo kilichobadilika ni mwili wake, naye hamwambukizi mtu. Usugu huambukizwa. Mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge anaweza kuumwa na mbu akapata malaria iliyo sugu tayari. Mwili wake ulizoea lini?

Wengine wakibanwa hapo husema, "Basi wadudu ndio wamezoea." Nao hawazoei. Wachache huzaliwa na tofauti ya kijeni inayowakinga. Dawa huua wenzao, wao wakabaki kujaza nafasi. Mwaka 1952 wanasayansi Joshua na Esther Lederberg walinakili makoloni (vishada) ya bakteria kutoka sahani moja ya maabara hadi nyingine kwa kitambaa cha mahameli, wakaonyesha kuwa bakteria sugu walikuwamo hata kwenye sahani isiyotiwa dawa. Jaribio hili lingefundishwa kabla ya kutaja dawa yoyote.

Kisha ije Malawi. Mwaka 1993 nchi hiyo iliacha klorokwini, dawa ya malaria, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa imeshindwa kuitibu. Dawa ilipoondoka, vimelea sugu vikapoteza faida yao, visivyo sugu vikatamalaki. Klorokwini ilipojaribiwa tena Blantyre mwaka 2005, iliponya karibu watoto wote waliopewa. Aliyepumzishwa dawa hapo si mgonjwa mmoja. Ni nchi nzima, miaka 12.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayehudumia dirishani, dawa ikishindwa kwa sababu ya usugu, mwambie mgonjwa kwamba vimelea alivyonavyo ni sugu kwa dawa hii. Ataelewa kwa nini anabadilishiwa, na kwa nini kuusubiri mwili "upumzike" hakutamponya.