Meneja Anayekukaba: Kipi Karaha, Kipi Kosa

Kila kaskazi ikikaribia na hoteli za Malindi zikaanza kujaa, ofisi yetu ya kazi hupokea zaidi malalamiko ya namna moja: "Kazi naipenda, ni meneja tu ndiye simuwezi." Huja wapishi, wahudumu wa meza, watu wa mapokezi. Wengi huingia wakidhani tutapiga simu na meneja ataitwa kituoni. Tuelewane mapema: hakuna kifungu katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinachomkataza mtu kuwa msumbufu.

Mpishi mmoja wa hoteli ya ufuoni alinionyesha simu yake. Meneja alitaka picha ya kila sahani kabla haijatoka jikoni, alihesabu ndimu asubuhi na jioni, na saa tano usiku aliuliza kama nazi za kesho zimeshafuliwa. Dada huyo alikuwa amewalalamikia jikoni nzima, mume na jirani. Meneja mwenyewe hakuwahi kuambiwa lolote.

Meneja wa aina hii mara nyingi naye anakabwa na mwenye mali, aliye mbali na anayetaka hesabu kila wiki. Basi mtangulie. Mpelekee taarifa fupi kabla ya zamu na baada yake: kilichopikwa, kilichobaki, kilichoharibika. Akishazoea, omba akuachie jambo moja, tuseme orodha ya soko, kwa wiki mbili, kisha mlikague pamoja. Zungumza naye faragha, na ombi lako liwe la kazi, si la tabia yake. "Acha kunifuatafuata" haimsaidii mtu. "Niambie saa ya mwisho ya kuuliza habari za kesho" inajibika.

Kosa ni jambo jingine. Kukunyima siku ya mapumziko katika kila siku saba ni kosa. Kukukata mshahara kwa sahani iliyokuteleza ni kosa pia, kwa sababu kifungu cha 19 kinaruhusu makato ya kiasi kwa uharibifu wa makusudi tu. Siku moja ya kutoroka kazini hukatwa mshahara wa siku moja, si wa siku tatu kama baadhi ya mameneja wa hapa wanavyopenda. Mwajiri anayekata kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Kutakwa kimapenzi au kubaguliwa kwa kabila au dini, usisubiri hata taarifa ya zamu, njoo.

Sasa lile linalotuchosha. Mtu anachokozwa, anatukana, anatupa aproni na kurudi zake Muyeye, halafu anadai amefukuzwa. Kifungu cha 44 kinataja matusi kwa msimamizi, kutoroka kazi na kukaidi amri halali miongoni mwa sababu za kufukuzwa papo hapo. Amri ya kupiga picha sahani ni ya kuudhi, lakini ni halali. Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamlazimu mwajiri akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize ukiwa na mwenzako uliyemchagua.

Ukiamua kuondoka, nawe unalipwa kwa mwezi, toa notisi ya maandishi ya siku 28. Ni kweli kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilikubali kuwa mfanyakazi anayejiuzulu kwa sababu mwajiri amevunja kiini cha mkataba anaweza kuhesabiwa kuwa amefukuzwa. Usijiuzulu kwa kutegemea hilo kabla ya kupata ushauri. Kuchoshwa na ujumbe wa usiku peke yake ni hoja dhaifu.

Aliyeachishwa kazi isivyo haki ana miezi mitatu ya kuleta lalamiko kwa afisa wa kazi, na fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Aliye bado kazini asiogope: kulalamika kwa nia njema si sababu halali ya kumfuta mtu, kifungu cha 46 kinasema hivyo. Njoo na kitambulisho, hati za mshahara, na ujumbe wa simu ukiwa na tarehe zake. Kama hukuwahi kupewa mkataba wa maandishi, njoo hivyo hivyo, maana shauri likifika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia mwajiri aliyeshindwa kuutoa mkataba huo.